MASHINE ISIPOELEWA AMRI, TUFANYE NINI?

Wanachama wengi wametuuliza habari za mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Mashine za namna hii huitwa CNC. Zamani zilikuwa katika viwanda vikubwa tu, lakini siku hizi ndogo yake hukaa juu ya meza. Tumeziona katika karakana za viwanda vya chai, kwa maseremala, kwa wachonga vibao, na katika vyuo vya ufundi wanakosoma watoto wetu. Kwa hiyo hata mwenzetu anayechuma chai shambani yafaa asome ukurasa huu, maana huenda mwanawe ndiye atakayesimama mbele ya mashine hiyo kesho.

Leo tutaeleza jambo moja tu, nalo ni hili: mashine inapopewa amri isiyoijua. Jambo hili huonekana dogo. Lakini katika tawi letu lilimjeruhi kijana, na nusura akatwe mshahara kwa ajili yake.

Yaliyotukuta

Mwaka 2022 mwanachama wetu mmoja, kijana wa karakana, alipewa kazi ya kuchonga kiolezo cha mbao kwa mashine ndogo ya CNC. Programu ililetwa ikiwa tayari, kutoka karakana nyingine yenye mashine kubwa. Alipoanza kuituma, kazi ilisimama na kioo cha kompyuta kikaandika "error:20". Akamwita msimamizi. Msimamizi akamwambia, "Futa mistari inayokataliwa, uendelee."

Kijana akafuta mistari miwili. Safari hii mashine ilikubali kila kitu. Sekunde chache baadaye kisu kilikwenda kwa kasi bila kunyanyuka, kikagonga kibanio cha chuma, kikakatika. Kipande kikampasua chini ya jicho.

Kidonda kilishonwa na jicho likapona. Ndipo ikaja barua. Ilisema kijana akatwe mshahara kulipia kisu, kibanio na kiolezo, kwa sababu "aliharibu programu".

Kamati ikakutana. Tuseme kweli, siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuisoma mistari ile. Wengi wetu elimu yetu ni ya msingi. Tukaomba karatasi mbili: programu kama ilivyoletwa, na programu baada ya kufutwa. Tukakaa nazo jioni tatu pamoja na fundi mmoja mzee anayeijua lugha hiyo. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Lugha ya mashine

Mashine hizi husoma lugha iitwayo lugha ya G, kwa kuwa amri zake nyingi huanza kwa herufi G. Wazo la kuongoza mashine kwa namba lilitoka Marekani kwa John Parsons, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine iliyofanya kazi kwa njia hiyo. Baadaye lugha ikawekewa kanuni. Marekani ilikuwa na kanuni ya RS-274-D ya mwaka 1980, na mwaka 1982 ikatoka kanuni ya kimataifa ya ISO 6983.

Lakini kanuni hazikuwafanya wote waseme sawasawa. Kila mtengenezaji, kama Fanuc wa Japani au Haas wa Marekani, aliongeza amri zake. Ni kama lugha yetu. Gari la abiria Dar es Salaam ni daladala, Nairobi ni matatu, Kampala ni teksi. Msafiri asiyejua neno atauliza, naye ataelekezwa. Mashine haina desturi ya kuuliza.

Mashine ndogo nyingi zina programu ya ndani iitwayo Grbl. Ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud, na baadaye ikaendelezwa na Sungeun Jeon. Maelezo yetu ni ya Grbl toleo la 1.1. Iliandikwa kwa ajili ya kibao kidogo cha umeme kiitwacho Arduino Uno, chenye kilobaiti 32 tu za kuwekea programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Katika nafasi ndogo hiyo haziwezi kuingia amri zote za mashine kubwa. Waandishi walichagua zile za lazima, nyingine wakaziacha. Kwa hiyo mashine inapokataa amri, haimaanishi kuwa imeharibika. Imepewa tu neno ambalo haikufundishwa.

Mistari sita

Hii ndiyo sehemu ya mwanzo ya programu ya kijana wetu:

G21 G90
T1 M6
M3 S8000
G0 G43 H1 Z15
G0 X60 Y40
G1 Z-3 F120

Tusome pamoja, mstari kwa mstari.

G21 ni kusema vipimo viwe vya milimita. G90 ni kusema vipimo vyote vihesabiwe kutoka sifuri ya kazi.

T1 M6 ni kusema chukua kisu namba 1, badilisha kisu.

M3 S8000 ni kusema zungusha kisu, mizunguko 8000 kwa dakika.

Mstari wa nne una mambo mawili. G43 H1 ni kusema fuata urefu wa kisu namba 1 ulioandikwa katika daftari la mashine. Kisha kuna G0 na Z15, maana yake nyanyuka upesi hadi milimita 15 juu ya ubao.

G0 X60 Y40 ni kusema nenda upesi mahali pa kuanzia kazi.

G1 Z-3 F120 ni kusema shuka polepole, ukiingia ndani ya ubao milimita 3, kwa mwendo wa milimita 120 kwa dakika.

Grbl haijui M6. Haijui pia G43 yenye H. Kwa hiyo ilikataa mstari wa pili na wa nne, na hiyo ndiyo mistari aliyoambiwa afute.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Kijana alikuwa ameshusha kisu hadi kiguse ubao ili aweke sifuri, kama inavyotakiwa. Amri ya kukinyanyua ilikuwa moja tu, Z15, nayo ilikuwa katika mstari wa nne. Mstari ulipofutwa, kunyanyua nako kulifutwa. Kisu kikaambiwa kiende X60 Y40 kwa kasi kikiwa bado usawa wa ubao, na kibanio kilikuwa njiani.

Laiti angefuta G43 H1 tu na kuacha G0 Z15, kisu kingepanda salama.

Kosa halisimamishi mashine

Wengine hudhani kwamba amri ikikataliwa mashine husimama. Sivyo. Kila mstari unaoingia, Grbl hujibu "ok" au "error" pamoja na namba ya kosa. Namba 20 maana yake amri haijulikani au si halali. Mstari wenye kosa hutupwa wote, hata kama kosa ni neno moja na maneno mengine ni mazuri. Kisha mashine hungojea mstari unaofuata.

Zipo programu za kompyuta ambazo husimamisha kazi zikiona kosa, na zipo zilizopangwa kuendelea. Hata ile inayosimama huenda imekwisha kutuma mistari kadhaa mbele. Grbl ina ghala dogo la kupokelea lenye nafasi ya herufi 128, na mistari iliyokwisha kuingia humo itatekelezwa. Kwa hiyo usitegemee kosa likulinde.

Jambo jingine ni kwamba amri nyingi hudumu. Ukisema G0 mara moja, mashine hubaki katika mwendo wa kasi mpaka uiambie G1. Mstari ukitupwa, mashine hubaki na hali ya zamani, na mistari inayofuata hutekelezwa kwa hali hiyo.

Mafungu matatu ya amri zinazokataliwa

Tumejifunza kutokufuta kitu kabla ya kujibu swali moja: amri hii ilikusudiwa kufanya kazi gani? Jibu litakuonyesha fungu lake.

Fungu la kwanza ni amri zinazoweza kuondolewa bila madhara. Mfano ni G64, ambayo katika mashine kubwa huruhusu kisu kupita kwenye kona kwa mwendo laini. Grbl haiipokei, kwa kuwa hupanga mwendo wa kwenye kona kwa njia yake. Ondoa neno hilo peke yake, na maneno mengine ya mstari yabaki.

Fungu la pili ni amri ambazo kazi yake lazima ifanyike, ila kwa maneno mengine. Humo mna M6, G43 yenye H, na amri za kutoboa kama G81 na G83.

Kwa M6, mashine ndogo haina mkono wa kubadilisha kisu. Njia iliyo salama ni kugawa programu, kila kisu na faili lake. Faili la kwanza likiisha, zima mota, badilisha kisu kwa mkono, gusisha kisu kipya kwenye ubao, weka sifuri upya kwa amri G10 L20 P1 Z0, kisha tuma faili la pili. Baadhi ya watu huweka M0, yaani simama ungoje, mahali pa M6. Lakini Grbl ikiwa katika kusimama huko haitakuruhusu kukisogeza kisu ili uweke sifuri. Kisu kipya kikiwa kirefu zaidi kitazama kupita kiasi.

Ukiweka sifuri kwa kila kisu hivi, urefu wa kisu umekwisha kuhesabiwa, na G43 haihitajiki tena. Ondoa G43 H1, acha G0 Z15.

Kwa kutoboa, mashine kubwa huambiwa kwa mstari mmoja:

G81 X10 Y10 Z-5 R2 F100

Maana yake nenda X10 Y10, shuka upesi hadi milimita 2 juu ya ubao, toboa hadi milimita 5 chini, kisha panda. Kwa Grbl tunaandika hatua zote:

G0 X10 Y10
G0 Z2
G1 Z-5 F100
G0 Z2

Angalia pia mistari inayofuata G81. Mara nyingi ni X30 Y10, kisha X50 Y10, bila neno jingine, kwa kuwa G81 hudumu. Kila mmoja wa mistari hiyo ni tundu, na kila mmoja uandikwe upya kwa hatua nne. Ukiiacha kama ilivyo, mashine itapita tu mahali pa matundu bila kutoboa. Na ikiwa kisu kilikuwa chini katika hali ya G1, kitachimba mfereji kutoka tundu hadi tundu.

Fungu la tatu ni amri zisizotengenezwa kwa mkono karakanani. Lazima programu irudishwe kwa aliyeiandika. G41 na G42 zimo humu. Kazi yake ni kukisogeza kisu pembeni ya mstari wa mchoro kwa nusu ya unene wake. Mchoro ukiwa wa kipande cha milimita 100, na kisu cha milimita 6, ukifuta G41 kisu kitapita katikati ya mstari. Kitakula milimita 3 kila upande, nawe utapata kipande cha milimita 94. Mashine haitalalamika, ila kipande kitatupwa. M98 nayo imo humu. Ni kusema nenda ukasome programu nyingine kisha urudi. Ukiifuta, sehemu nzima ya kazi haitafanyika. Kadhalika mistari yenye alama # ya kubebea hesabu, Grbl haiisomi.

Amri zinazokubaliwa kwa maana nyingine

Hatari nyingine hujificha mahali ambapo hakuna kosa lolote linaloandikwa. Amri hukubaliwa, lakini maana yake si ile ya mashine kubwa.

G4 ni amri ya kungoja. Kwa mashine nyingi za Fanuc, G4 P500 ni kungoja milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Kwa Grbl ni sekunde 500, zaidi ya dakika 8. Mfanyakazi hudhani mashine imekwama, huingiza mkono, na wakati huohuo inaanza tena.

G28 ni amri ya kurudi mahali palipowekwa. Mashine ndogo nyingi hazina swichi za kutambua mwisho wa njia. Kwa mashine hizo, sifuri ya mashine ni pale kisu kilipokuwa ilipowashwa. Ukiiwasha kisu kikiwa chini, G28 iliyokusudiwa kukipandisha huenda ikakishusha.

Vivyo hivyo T1 ikiwa peke yake hukubaliwa, lakini haifanyi lolote.

Utaratibu wetu sasa

Katika tawi letu tumekubaliana na karakana kufuata hatua hizi kwa kila programu ngeni.

Kwanza, ijue mashine yako. Andika $I, nayo itakutajia toleo lake. Wapo warithi wa Grbl, kama grblHAL, wanaojua amri nyingi zaidi. Orodha ya amri za toleo lako ibandikwe ukutani.

Pili, mwombe aliyechora atoe programu upya kwa ajili ya Grbl. Programu za kuchorea, kama FreeCAD, zina sehemu iitwayo postiprosesa. Sisi tunaiita mkalimani. Akichagua mkalimani wa Grbl, nyingi ya amri hizi hazitaandikwa kabisa. Hii ndiyo dawa hasa. Kurekebisha kwa mkono ni msaada wa dharura.

Tatu, kagua bila mwendo. Andika $C. Mashine itasoma programu yote na kutaja makosa, wala haitasogea. Andika kila mstari uliokataliwa na fungu lake. Ukimaliza, andika $C tena ili kutoka.

Nne, pitisha kisu hewani. Ukaguzi wa $C hauvijui vibanio vyako. Weka sifuri ya Z juu kuliko vibanio vyote, uache nafasi ya kupanda na kushuka, kisha uendeshe programu ukiitazama. Vaa miwani, na mkono uwe karibu na kitufe cha kuzima umeme.

Tano, andika juu ya programu, ndani ya mabano, imeandikwa kwa mashine gani, kwa kisu gani, na nani aliyeibadilisha. Grbl huyaruka maneno yaliyo ndani ya mabano. Mfano:

(GRBL 1.1, KISU MM 6, G43 IMEONDOLEWA, Z15 IPO)

Mwisho wa kesi

Siku ya kikao tulizipeleka karatasi zetu mbili. Tukaweka kidole kwenye mstari wa nne, tukauliza: Programu hii iliandikwa kwa mashine gani? Nani alisema mistari ifutwe? Kijana alifundishwa lini maana ya G43? Msimamizi, kwa uungwana, alikiri kwamba amri ya kufuta ilikuwa yake, na kwamba naye hakujua. Barua ya kukata mshahara ikaondolewa.

Hatukumtaka msimamizi aadhibiwe. Tulitaka mambo matatu, nasi twayapendekeza kwa matawi mengine. Muda wa kukagua programu uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Anayeamuru programu ibadilishwe aandike amri hiyo na kutia sahihi. Na mfanyakazi asiwekwe mbele ya mashine kabla hajafundishwa lugha yake.

Ndugu wafanyakazi, msiogope herufi na namba hizi. Mtu anayeweza kusoma hati yake ya mshahara anaweza kusoma G0 Z15. Sisi tulijifunza jioni tatu, tukiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, kwa taa ya ofisi ya tawi. Kijana wetu amerudi kwenye mashine ileile, na sasa ndiye anayewafundisha wenzake. Kovu lake chini ya jicho bado linaonekana. Kila anayeanza kazi pale huonyeshwa kwanza karatasi zile mbili, kisha huulizwa: kisu kitanyanyuka katika mstari wa ngapi?